Chuo cha Kaseti

Hakuna mtu aliyewahi kumuuzia Johana arap Maritim ng'ombe mbaya. Si kwamba watu hawakujaribu. Mwaka wa themanini na tatu, dalali mmoja wa mnada wa Ndanai alimpaka mtamba wake rangi ya viatu ili kuficha mahali ambapo manyoya yalikuwa yamenyonyoka. Johana alimzunguka yule mtamba mara mbili, akalowesha kidole kwa mate, akasugua, kisha akakiinua kidole cheusi juu ili mnada wote ukione. Dalali alikunja kamba yake akaenda kunywa chai, na tangu siku hiyo, watu wa Sosiot wakitaka kununua ng'ombe walipitia kwanza kwa Johana.

Sheria yake ilikuwa moja tu. Ng'ombe hanunuliwi mnadani. Mnadani kila ng'ombe ni bibi harusi, ameoshwa, amepakwa mafuta, na jamaa zake wote wanamsifu. Ukitaka kumjua, nenda kwao alfajiri bila kutangaza, keti juu ya gogo, umtazame akikamuliwa. Uone ndoo. Uone kama anapiga teke. Hapo ndipo utoe pesa.

Sheria hiyo ilimtosha hadi Oktoba ya mwaka wa tisini na nane, alipohitaji kununua kitu ambacho hakijawahi kupitishwa mnada wowote: digrii.

Digrii yenyewe ilikuwa ya binti yake Chepkemoi. Msichana huyu alikuwa amemaliza kidato cha nne na kupata B, na alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Siku moja karani wa kituo cha kununulia chai alitangaza kwamba lori limechelewa "kwa sababu zisizoepukika." Wakulima wote walikaa chini juu ya vikapu vyao kungoja. Chepkemoi peke yake alisimama akauliza sababu hizo ni ngapi, na ya kwanza ni ipi. Karani alitafuta jibu mpaka jasho likamtoka, mwishowe akakiri kwamba dereva alikuwa harusini.

"Wewe," karani alimwambia, "utakuwa mwandishi wa gazeti ama utapigwa. Chagua."

Alichagua. "Baba," alimwambia Johana jioni hiyo, "nataka kusomea kazi ya gazeti."

Johana alifurahi sana. Gazeti alilipenda kuliko tumbaku. Kila Jumamosi alifika kwenye kibanda cha Robert pale Sosiot, akagonga meza na kusema, "Nipe kaseti."

Robert alimpa gazeti. Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakukuwa na cha kuchekesha. Ulimi wa Johana ulilelewa katika lugha isiyokuwa na haja ya herufi z, na iliyoona g na k, b na p, d na t kama ndugu wanaovaliana mashati. Bei kwake ilikuwa pei, habari ilikuwa hapari, na gazeti lilikuwa kaseti tangu enzi za mkoloni. Sosiot nzima ilimwelewa. Ulimi huo haukuwahi kumletea hasara hata ya senti, maana haukuwahi kutumwa kazi mbali.

Chepkemoi aliandika barua kwa vyuo, na vitatu vikamjibu. Johana alivipa majina yake mwenyewe.

Cha kwanza kilikuwa Chuo cha Nyasi. Kijitabu chake kilikuwa cha karatasi inayong'aa, na kwenye jalada kulikuwa na wanafunzi sita wameketi juu ya nyasi wakicheka. Karo yake kwa mwaka ilikuwa sawa na bonasi tatu za chai, yale malipo ya ziada ambayo kiwanda humpa mkulima. "Kwa pesa hiyo," alisema Johana, "hata mimi ningecheka."

Cha pili kilikuwa Chuo cha Miezi Kumi na Nane. Hicho kiliahidi digrii kamili kwa muda huo, cheti "kinachotambulika katika mabara matano," na karo ambayo bonasi moja ingelipa na kubakisha ya sukari. Tena kilikuwa na tawi mjini Kericho. Moyo wa Chepkemoi ulikuwa umelalia hapo.

Cha tatu kilikuwa Chuo cha Karatasi Moja, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa barua yenyewe: karatasi moja iliyochapwa kwa mashine ya zamani, mistari imepinda kama shamba lililolimwa na mlevi. Karo yake ilikuwa ya katikati. Hakuna aliyeitazama mara mbili.

Bonasi ililipwa Jumatatu. Vyuo vyote vitatu vilitaka jibu na malipo kufikia Ijumaa. Bonasi huja mara moja kwa mwaka, na aliyeikosea hurudi kuchuma chai miezi kumi na mbili akifikiria kosa lake. Chepkemoi alikuwa amekwisha kuchuma mwaka mmoja wa kungoja. Kucha zake zilikuwa nyeusi kwa utomvu wa chai, na mwenzake Fancy, waliyeketi naye dawati moja, alikuwa anamaliza mwaka wa kwanza wa unesi.

"Kesho nitaenda Kericho kuona hilo tawi," Johana alisema.

"Chukua basi kijitabu, baba, kina jina na picha."

"Nani hununua ng'ombe kwa picha?" Johana aliuliza, akakiacha mezani.

Jumanne saa nne asubuhi alikuwa mjini, amevaa koti lake la harusi za watu wengine, bonasi imeshonewa ndani ya mfuko. Alimwendea mama mmoja muuza ndizi, aliyeitwa Nyanchama.

"Mama, chuo ya kufunza mambo ya kaseti iko wapi?"

"Ya kaseti?" Nyanchama hakufikiri hata kidogo. "Si hapo juu ya duka la nguo? Panda ngazi, mlango wa kwanza. Utasikia kelele."

Alisikia kweli. Mlango wa kwanza uliandikwa HABARI NJEMA, na ndani yake kwaya ilikuwa ikiimba kutoka kwenye spika kubwa kama kabati. Mwenye chumba aliitwa Masese, Mkisii mnene mchangamfu aliyekuwa ameishi Kericho miaka kumi. Alizima kwaya akampa mgeni kiti.

"Chamgei, mzee," alimsalimu kwa lugha ya kwao Johana.

"Chamgei. Hapa ndipo mnafunza watoto kaseti?"

"Umefika penyewe."

"Kaseti ya hapari?"

"Habari Njema!" Masese alielekeza kidole mlangoni. "Nyimbo za baa sisi hatushiki, mzee. Hapa ni mambo safi tu."

Johana alipenda hilo. Kwa maoni yake magazeti ya siku hizo yalikuwa na baa nyingi mno. Akasogeza kiti.

"Na mtoto akimaliza, kazi iko?"

"Kazi!" Masese alicheka. "Mzee, nani hataki kaseti? Watu wakioana wanataka kaseti. Mtu akifa, jamaa zake wanataka kaseti."

Johana alikumbuka kurasa za matangazo ya vifo, zenye picha za marehemu zimepangwa kama mayai. Akaitikia kwa kichwa. Huyu mtu alijua kazi yake.

"Na maneno ya watu? Mtu amesema mengi, nyinyi mnafanyaje?"

"Tunakata. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Pasta anahubiri masaa matatu, sisi tunabakisha dakika arobaini na tano."

"Na hakasiriki?"

"Wengi hata hawajui. Anayejua, analalamika kwamba hakusema hivyo."

Hapo Johana akaridhika kabisa. Kila juma alisoma waheshimiwa wakilalamika kwamba hawakusema hivyo. Akauliza swali la mwisho, lile zito. "Na tikrii mnatoa?"

Masese alikuwa mtu mkweli. "Mimi natoa cheti, mzee. Digrii siwezi kukudanganya. Lakini kazi ya mkono haiulizi makaratasi."

Jibu hilo lingemfukuza mzazi mwingine. Kwa Johana lilikuwa kama kuonyeshwa ndoo iliyojaa. Alikuwa amewaona ng'ombe wa mashamba ya wazungu wenye makaratasi ya ukoo hadi kwa babu wa babu, na maziwa ni kikombe. "Basi wacha niwaone wakifanya," akasema, akaketi.

Alikaa saa moja na nusu. Alimtazama mwanafunzi mmoja, Nelvine, akikata ukanda kwa wembe na kuuunga kwa selotepu, akitoa kikohozi cha shemasi katikati ya sala bila kuumiza sala. Mwishowe Masese akamwekea Johana maikrofoni mdomoni na kumwambia aseme chochote. Johana akataja majina ya ng'ombe wake wote. Walipomrudishia sauti yake, aliruka kutoka kitini.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mzee."

"Hapana. Huyo ni papa yangu," Johana alisema kwa sauti ya chini, "na yeye alikufa mwaka wa sitini na nane." Akaomba arudishiwe tena. Akaomba mara ya tatu. Kisha akapasua ule mshono wa mfuko, akalipa karo ya kozi nzima, na bado ilikuwa kidogo hata akaona haya.

Alifika nyumbani akiimba. Mkewe Mellen alijua kwa wimbo tu kwamba kuna kilichonunuliwa.

"Nimepata chuo," Johana alitangaza. "Nimekiona kikikamuliwa. Wanafunzi wanashika kazi na mikono. Mwalimu hadanganyi. Miesi mitatu tu! Pesa ile ingine yote imebaki." Akamkabidhi Chepkemoi risiti kama anayekabidhi kombe.

Chepkemoi aliisoma. Akaisoma tena, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maneno mengine huko.

"Baba. Hii ni ya kaseti."

"Ntiyo."

"Kaseti, baba. Ya redio. Ile ya kuweka nyimbo."

"Si ulisema unataka kaseti?"

"Nilisema *gazeti*!"

"Na mimi nilisema nini?"

"Ulisema kaseti!"

"Basi si ndiyo hiyo?" Johana alimgeukia mkewe. "Mellen, wewe ulikuwa hapa. Alisema nini?"

Mellen aliwasikiliza wote wawili kwa makini, mwiko mkononi. "Mimi nasikia kitu moja," alisema. "Mnapigania nini?"

Chepkemoi alichukua gazeti la Jumamosi kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akachukua kaseti aliyozawadiwa Johana na Masese siku hiyo. Akaviinua. Akataja kimoja, akataja kingine, pole pole, kama anayefundisha chekechea. Johana alitazama mdomo wa binti yake, kisha mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Chepkemoi aliona kabisa saa ile jambo lilipomfikia, kwa sababu alivua kofia.

"Asante kwa kunijaribia, baba," alisema, akaenda kusimama nje kwenye mstari wa mwisho wa majani chai. Akaanza kuchuma bila kikapu, akiyatupa majani chini. Johana alimtazama kutoka mlangoni. Mtu aliyemshinda dalali wa Ndanai alikuwa amejiuzia ng'ombe mbaya mwenyewe.

Jumatano walikwenda wote wawili. Masese aliposikia kisa hicho alicheka mpaka akakalia spika.

"Mzee! Kumbe mimi nilikuwa nakujibu na wewe unanijibu, kila mtu na lake!" Alijifuta machozi. "Sasa shida ni moja. Pesa yako imeshageuka kaseti tupu, mia mbili, ziko hapo kwa katoni. Siwezi kuzila, siwezi kukurudishia. Lakini kiti kimelipwa. Leteni mtu yeyote akikalie."

"Na wale wa miezi kumi na nane?" Chepkemoi aliuliza.

"Mlango wa nne," Masese alisema, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

Nyuma ya mlango wa nne palikuwa na kapeti, kiti kinachozunguka, na juu ya kiti mkurugenzi mwenye tai nyekundu. Aliwapa mikono yote miwili. Johana hakuketi.

"Nataka kuwaona wakikamuliwa," alisema.

Mkurugenzi alimtazama Chepkemoi.

"Baba anauliza kama tunaweza kuona gazeti ambalo wanafunzi wenu wameandika."

"Aa! Hayo yako makao makuu, Nairobi."

"Mwalimu yuko?"

"Yuko njiani."

"Wanafunzi?"

"Wako likizo."

"Likizo ya nini, Oktoba katikati?" Chepkemoi aliuliza. "Waliondoka lini? Ni wangapi?"

Mkurugenzi alilegeza tai. Badala ya kujibu, akatoa mfano wa cheti, karatasi nzuri nene yenye muhuri wa dhahabu mkubwa kama sahani ya kikombe. Johana aliisogelea. Akalowesha kidole kwa mate, akasugua. Kisha akakiinua kidole, na kidole kilikuwa kinang'aa dhahabu mpaka kwenye kifundo.

"Twende," alimwambia binti yake.

Jioni hiyo, mezani, vilibaki vyuo viwili, na kimoja kiligharimu bonasi tatu. Chepkemoi alivuta ile karatasi moja iliyopinda.

"Hiki hata picha hakina," alisema kwa unyonge. "Kilituma tu hii na lile gazeti la wanafunzi."

Johana aliinua kichwa. "Kaseti gani?"

"Gazeti, baba. La kusoma. Lilikuwa ndani ya bahasha."

"Liko wapi?"

Baba na binti waligeuka pamoja wakamtazama Mellen. Mellen akalitazama kabati la vyombo.

"Lilikuwa karatasi nzuri," alijitetea. "Nilitandika chini ya vikombe."

Vikombe kumi na viwili vilitolewa, pamoja na birika, na gazeti likavutwa likiwa na alama za mviringo kila mahali. Lilikuwa la Kiingereza. Chepkemoi alilinyoosha chini ya taa na kuanza kusoma, akimtafsiria baba yake mstari kwa mstari.

"'Maharagwe ya Chuo Yana Wadudu. Mkuu wa Jikoni Akataa Kusema.'"

"Nini?" alisema Mellen.

Habari ilikuwa ndefu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili alikuwa amehesabu wadudu kwenye sahani tano, akataja siku na meza. Alikuwa amemtafuta mkuu wa jikoni mara tatu, na mara ya tatu akamkuta akila mkate wa kununua. Alikuwa amemuuliza muuza maharagwe, naye akasema aliyauza yakiwa mazima. Chini kabisa kulikuwa na barua ya mkuu wa chuo mwenyewe, amekasirika vibaya.

Johana alisikiliza bila kupepesa. "Soma tena ile ya muuza maharagwe," alisema. Chepkemoi akasoma.

"Na mkuu wa chuo aliyaona haya yote?"

"Si nimekusomea barua yake? Anasema wamekiaibisha chuo."

"Na pato walitia kwa pahasha wakatutumia sisi?"

"Ndiyo, baba."

Johana aliegemea kiti. Nje mbwa alibweka akanyamaza. "Mwingine alituletea watu wanacheka kwa nyasi," alisema. "Mwingine akatuletea tahapu. Huyu ametuletea ndoo na nsi ndani yake." Akaweka kiganja juu ya gazeti. "Huyu ng'ombe anapiga teke. Lakini maziwa yapo."

Aliyebaki na wasiwasi alikuwa Mellen. "Kwa hivyo mtoto wangu ataenda kula wadudu?"

"Atawaandika," alisema Johana.

Karo ilipungua kwa kiasi kilekile kilichokuwa kimegeuka kaseti tupu. Alhamisi asubuhi Johana alimpeleka ndama dume kwa mwenye bucha, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alipokea bei ya kwanza aliyotajiwa, jambo lililomtia mwenye bucha hofu kiasi kwamba alimchunguza ndama upya. Kabla ya benki kufungwa, pesa zilikuwa zimeingia kwenye akaunti ya chuo, na risiti ikatumwa kwa posta ya haraka. Jibu lilirudi baada ya wiki mbili: karatasi moja, imepinda. Chepkemoi alikuwa amekubaliwa. Aripoti Januari na ndoo, blanketi, na sahani yake mwenyewe.

Alienda. Barua yake ya kwanza ilikuwa ya kurasa sita, na nne kati yake zilikuwa maswali.

Jumatano iliyofuata, Masese alikuwa akifagia aliposikia hatua nzito kwenye ngazi. Johana arap Maritim aliingia, koti limefungwa vifungo vyote.

"Kile kiti changu bado kiko?"

"Kiko, mzee. Umeleta mtoto gani?"

"Mimi."

Masese aliegemea ufagio. Nelvine alitazama mahali pengine ili asicheke, kisha akajisogeza kwenye benchi kumpa nafasi.

"Umebeba penseli, mzee?" alimuuliza.

"Ya kuandika?"

"Ya kurudisha ukanda ukitoka. Unaisukuma kwa tundu la kaseti, unazungusha."

Johana akaitoa penseli mfukoni, akaisukuma kwenye kaseti aliyopewa, akazungusha. Ukanda ukaanza kuingia. Alizungusha kwa muda, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo.

"Mwalimu," alisema bila kuinua macho, "yule msichana wangu atasoma miaka minne. Mimi ni miesi mitatu, sivyo?"

"Mitatu, mzee. Ukitia bidii."

"Mwandikie basi," alisema Johana. "Mwambie papa yake atamaliza kwanza."